Kama kinyume cha funga ni fungua, mbona nunua si nuna?

SWALI: Nafundisha darasa la pili huku Kongwa, Dodoma. Huwa tunacheza mchezo wa vinyume: narusha mpira wa makaratasi huku nikitaja neno, anayeudaka anataja kinyume chake. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Juzi nikasema "nunua", mtoto akajibu "nuna". Wenzake wakamcheka, naye akaniuliza, "Mbona yale mengine yanakubali?" Nikakosa jibu.

JIBU: Mwalimu, kwanza mpongeze mtoto huyo mbele ya hao waliomcheka. Hakubahatisha. Amesikia kwamba -ua ndiyo inayofungua kilichofungwa, akaitumia kanuni kwa kurudi nyuma. Wanasarufi huiita kauli ya kutendua: ziba, zibua, tega, tegua, choma, chomoa, kwa kuwa mzizi wenye o hupata -oa. Pengine -ika au -eka hudondoka kwanza: bandika, bandua, ezeka, ezua.

Kilichomponza ni kuwa si kila -ua inatendua. Ile ya nunua ni ya neno lenyewe. Ukiikata unabaki na nuna, kukunja uso kwa hasira, na mtu hanuni kwanza ndipo anunue. Kinyume chake ni uza. Basi awe anajiuliza: je, kitendo hiki kinakirudisha kile mahali pake? Kwa watoto wa wafugaji napenda mfano wa "kama" na "kamua". Kukama ng'ombe ni kuminya chuchu maziwa yatoke. Kukamua chungwa ni kuliminya maji yatoke. Maumbo yanafanana na funga na fungua, lakini hakuna anayeyarudisha maziwa kwenye chuchu!

Siku moja weka mpira kando, watoto watende. Tandika turubai uani, wamwage mtama: "Tunaanika!" Kisha wewe paza sauti, "Mvua!" Wakimbilie kuukusanya: "Tunaanua!" Neno hili anua linanitia huruma. Nawasikia watoto wakisema "kutoa nguo kwenye kamba", ilhali kuanua kunatosha.

Halafu leta ndoo tupu. Mmoja amtwike mwenzake, atembee hadi mlangoni, mwingine amtue. Twika, tua. Wameshawasikia viongozi wakiahidi "kumtua mama ndoo kichwani". Waulize nani alimtwika.