Kupimwa Kiuno Kazini

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Mwajiri wetu ametangaza kwamba tutapimwa kiuno kila mwaka, akisema Wajapani hufanya hivyo kwa sheria. Je, anayezidi kipimo huadhibiwa?
Msomaji, Likoni

JIBU: Ndugu msomaji, sheria hiyo ipo. Tangu mwaka 2008 Japani huwapima watu wenye umri wa miaka 40 hadi 74, na mpaka wa kiuno ni sentimita 85 kwa wanaume na 90 kwa wanawake. Anayezidi, akiwa pia na dalili nyingine kama shinikizo la damu, hatozwi faini wala hafukuzwi, bali hupewa ushauri wa lishe na mazoezi.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo kipimo chako hakifai kubandikwa ukutani.

Hata hivyo, utepe peke yake haupunguzi mwili. Uingereza ilianza mwaka 2018 kutoza vinywaji kodi kulingana na kiasi cha sukari, na viwanda vingi vikaipunguza ili kuikwepa. Mwajiri wako naye atazame chai ya saa nne: ikiwa hutiwa sukari birikani kabla haijafika mezani, ikafuatana na viazi karai na mahamri (ambayo, nakiri, mimi mwenyewe siyaachi), basi aanzie hapo, sukari iwekwe kando na kila mtu ajitilie.