Kompyuta kujizima baada ya kubadilisha prosesa

Ndugu yangu wa Mbale, pole. Umesema ulitoa Core 2 Duo E8400, ukaweka Core 2 Quad Q6600, na sasa mashine inajizima kila ukicheza video. Usiweke Windows upya kwanza. Hiyo ni dalili ya joto.

E8400 ni ya wati 65. Q6600 ni wati 95, na zile za mwanzo ni 105. Kipozeo chako, yaani feni na mapezi yaliyokaa juu ya prosesa, kilizoea mzigo mdogo. Chomoa umeme, king'oe, utazame chini yake. Nilipofungua ya kwangu hapa Jinja, pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chokaa, na vumbi jekundu limeziba mapezi ya alumini hadi hewa haipiti kabisa. Futa kwa spiriti na kitambaa safi, weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere, kisha bonyeza pini nne za plastiki kwa mshazari mpaka kila moja ilie “tak”. Hapo ndipo wengi hukosea: pini moja ikilegea, kipozeo kinainama na joto halitoki.

Ingia bayosi (BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) usome nyuzi joto za prosesa. Ikiwa imetulia tu na tayari imepita 70, rudia kazi.

Nyuzi zikiwa sawa na bado inazima, shuku pawa saplai (kisanduku kinachoipa mashine umeme), au kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye ubao, zilizovimba vichwa karibu na prosesa. Kapasita zikivimba, rudisha E8400 yako kwanza, tafadhali, kabla ubao haujaungua.