Uanzie wapi mtihani wa modeli za kutabiri madai ya bima

Umeuliza, katika kujiandaa na mtihani huu, uanze na GLM (generalized linear models, modeli za kitakwimu zinazopanua regresheni ya kawaida) au miti ya maamuzi (modeli zinazogawa data hatua kwa hatua kwa maswali). Anza na GLM, tena kaa hapo zaidi ya nusu ya muda wako. Idadi ya madai tumia usambaaji wa Poisson, ukubwa wa kila dai usambaaji wa Gamma, zote kwa kiungo cha logi, yaani modeli inakadiria logi ya wastani. Ukitaka gharama nzima kwa mkupuo mmoja, ni usambaaji wa Tweedie wenye p (kipeo kinachoonyesha jinsi varianti inavyokua na wastani) kati ya 1 na 2.

Panapoangusha wengi ni ofseti, yaani kiasi kinachoingizwa ili modeli izingatie muda mteja aliokaa kwenye bima. Kwenye modeli ya idadi, mkataba uliodumu miezi 6, yaani nusu mwaka, unaingia kama ln(0.5), yaani -0.693, na mgawo wake (namba inayozidishwa nayo kwenye modeli) unafungwa kwenye 1, haukadiriwi. Ukiisahau, wateja wapya wataonekana salama kupindukia, kumbe hawajakaa kwenye bima muda wa kutosha kupata ajali.

Zoea kusoma matokeo kwa kikokotoo tu: mgawo wa 0.18 ni e^0.18, karibu 1.20, kwa hiyo kundi hilo linatarajiwa kuwa na madai 20% zaidi ya kundi la msingi, mengine yote yakiwa sawa. Iandike sentensi hiyo hata meneja asiyejua takwimu aielewe.

Data ya majaribio, yaani ya kupimia modeli, itenge kwa mwaka, usichanganye ovyo. Na futa safu zinazojulikana baada ya dai tu, kama tarehe ya malipo. Modeli ikiwa sahihi mno, shuku hapo kwanza.

Miti ya maamuzi? Wiki za mwisho zinatosha.