Maswali Yenu: Puto la mpira wa mkojo na puto la kupanua tezi dume

Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 72. Mkojo ulimziba usiku, akawekewa mpira, na sasa ni wiki ya tatu anatembea na mfuko. Tumesikia Marekani tezi dume inapanuliwa kwa puto bila kisu. Mpira wa baba nao una puto ndani. Je, likiongezwa maji kidogo kidogo haliwezi kuipanua tezi?
*Mtoto anayemuuguza baba, Tanga*

Marahaba. Hapana, na tafadhali mtu asijaribu. Hayo ni maputo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu njia za mkojo za watu.

Puto la mpira wa baba linakaa ndani ya kibofu, juu ya tezi. Kazi yake ni ya fundo mwisho wa uzi: kuzuia mpira usichomoke. Mpira wa namna hiyo unaitwa Foley, kwa jina la Frederic Foley, daktari wa mkojo wa Marekani aliyeutengeneza miaka ya 1930. Mkojo unapita kwenye tundu la ncha, mbele ya puto, kwa hiyo tezi inabaki na unene uleule. Imepitishiwa bomba katikati tu. Ukiongeza maji, puto linakua ndani ya kibofu, linakikera, na baba anapata mikazo ya maumivu. Likijazwa likiwa limeshuka ndani ya tezi, hapo linachana, na damu inatoka.

Puto la kutibu linawekwa kwa makusudi ndani ya njia ya mkojo pale inapopita katikati ya tezi. Lilianza kutumika miaka ya 1980. Angalia tofauti ya vipimo: mpira wa kawaida namba 16 una unene wa milimita 5 na kitu, ila puto la kupanua lilifika milimita 25 hadi 30, likajazwa kwa shinikizo la mara tatu au nne ya lile la hewa, likaachwa dakika 10 hadi 15. Wagonjwa wengi walipata nafuu mwanzoni. Tatizo ni kwamba tezi ina nyama yenye mnyumbuko. Unainyoosha, unaondoka, nayo inarudi ilipokuwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 madaktari wengi walikuwa wameliacha, wakarudi kukwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo, upasuaji unaojulikana kwa kifupi kama TURP.

Habari mliyoisikia huenda inahusu kifaa cha Optilume BPH, kilichoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2023. Kina maputo mawili yanayofuatana. La kwanza linapasua mahali ambapo mabawa mawili ya tezi yanaungana kwa mbele, upande wa saa sita, juu penye namba 12, ukiifikiria njia ya mkojo kama uso wa saa. La pili limepakwa paclitaxel, dawa ambayo wengine wataitambua kutoka wodi za saratani. Inazuia chembe za kovu kuzaliana, ili mpasuko usijishone tena. Hapo ndipo lilipo jipya: puto la zamani lilinyoosha na kuachia, hili linapasua na kuweka dawa ya kuuacha mpasuko wazi.

Matokeo yake si ya kubezwa. Katika jaribio la wanaume 148, ambapo baadhi walifanyiwa utaratibu wa kuigiza bila tiba ili kulinganisha, waliopata puto lenye dawa walipanda kutoka kasi ya mkojo ya kama mililita 9 kwa sekunde hadi karibu 19 baada ya mwaka mmoja. Alama za usumbufu, zinazohesabiwa hadi 35, zilishuka kutoka 23 hivi hadi chini ya 12. Madhara yaliyoonekana sana ni mkojo wenye damu, na mgonjwa hubaki na mpira wa kawaida siku chache. Paclitaxel hupatikana pia kwenye shahawa, kwa hiyo kondomu inahitajika mwanzoni na kutafuta mtoto kunaahirishwa.

Lakini lilijaribiwa kwa tezi za gramu 20 hadi 80. Tezi kubwa kuliko hapo, au yenye bawa la kati linalochungulia ndani ya kibofu kama kizibo, si ya puto hili. Wazee wengi wa kwetu huja hospitali wakiwa wameshachelewa na tezi imevuka gramu 100. Hao hata kwingineko wangepelekwa upasuaji mwingine.

Sasa turudi kwa baba. Swali la kwanza la kumuuliza daktari wake ni hili: ameanzishiwa tamsulosini? Ni kidonge cha miligramu 0.4 mara moja kwa siku, baada ya chakula kilekile kila siku, kinacholegeza misuli ya shingo ya kibofu. Kwa kawaida mgonjwa aliyezibwa ghafla hupewa dawa hiyo, kisha baada ya siku mbili tatu mpira unatolewa asubuhi ili kuona kama atakojoa mwenyewe. Unatolewa asubuhi kwa sababu akishindwa, saa za mchana bado zipo za kurudishiwa. Mkiutoa jioni mtahangaika usiku. Wiki tatu bila jaribio hata moja zinahitaji maelezo. Huenda yapo: kreatinini iliyopanda kwenye damu, ishara kwamba figo zimeelemewa, au kibofu kilichokuwa na zaidi ya lita moja siku alipozibwa. Ulizeni.

Tamsulosini huleta kizunguzungu mtu akisimama haraka. Kama baba anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari wa macho aambiwe kwamba anaitumia, kwani inalegeza mboni na kuubadilisha upasuaji huo. Akipewa na finasteridi miligramu 5, dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi, msitegemee matunda yake kabla ya miezi sita. Dawa hiyo pia inashusha kwa karibu nusu PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume, kwa hiyo atakayesoma majibu ya damu lazima ajue baba anaimeza.

Daktari, puto lijazwe maji kiasi gani, na ya aina gani? Hapa kituoni kila mmoja ana lake. Na mzee mwenye tezi kubwa mpira ukigoma, tutafute mwembamba zaidi?
*Muuguzi wa kituo cha afya, Kigoma*

Kiasi kimeandikwa kwenye mkia wa mpira, karibu na vali, yaani tundu la kujazia puto: kwa mtu mzima mara nyingi ni mililita 10. Weka hicho kilichoandikwa. Ukiweka pungufu, puto linajaa upande mmoja na ncha ya mpira inapinda na kuuchoma ukuta wa kibofu.

Tumia maji ya sindano yaliyo safi. Maji ya dripu yenye chumvi yanaweza kuacha chembe zinazoziba kijia cha puto, na siku ya kulitoa ndipo mtajua. Hewa nayo haifai. Inavuja na puto linaelea.

Kuhusu unene, hapana, mwembamba ndio unaogoma zaidi. Mpira namba 12 ukikutana na tezi kubwa unajikunja kama mlenda. Anza na namba 16. Ukikwama, namba 16 au 18 wenye ncha iliyopinda hupita vizuri, mradi ncha iangalie juu, saa sita, muda wote unaposukuma.

Kosa la kwanza ni haraka. Ingiza jeli ya ganzi ya lidokaini mililita 10 hadi 20, ibane isirudi, usubiri dakika 5 kweli kweli. Nyoosha uume kuelekea tumboni ili kuondoa kona. Ukifika kwenye tezi utahisi ukinzani. Mwambie mzee avute pumzi ndefu, sukuma taratibu, usitumie nguvu.

Kosa la pili ndilo baya. Mkojo ukitokea tu, mtu anajaza puto palepale. Mkojo unaweza kutoka ncha ikiwa imechungulia kibofuni huku puto likiwa bado ndani ya tezi. Ingiza mpira wote mpaka kwenye panda, mahali matawi mawili yanapogawanyika, ndipo ujaze. Mgonjwa akikunja uso au bomba la sindano likiwa gumu, acha, vuta maji yote, sukuma tena. Baada ya kujaza, vuta mpira polepole hadi puto likae kwenye shingo ya kibofu. Kama hajatahiriwa, rudisha govi mbele kabla hujavua glavu. Likiachwa nyuma linavimba na kukaba kichwa cha uume.

Ukishindwa mara mbili, au ukiona damu, usijaribu mara ya tatu. Mpe rufaa, kibofu kitatobolewa juu ya kinena. Na mkifaulu, andika mililita zilizotoka mwanzoni, kisha pima kila saa. Anayetoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, saa baada ya saa, anapoteza maji na chumvi, na hafai kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Mume wangu ana mpira lakini nguo zinalowa. Nimeshauriwa abadilishiwe mpana au puto liongezwe maji ili lizibe.
*Mama wa Mombasa*

Puto si kizibo, mama. Mkojo unaopita pembeni ya mpira kwa kawaida unasukumwa na kibofu kinachojikaza kwa kukereka. Mpira mpana na puto kubwa vinakikera zaidi.

Kagua kwanza vitu vya karibu: mpira umekunjika chini ya paja? Mfuko umepanda juu ya kiuno? Ana siku ngapi hajapata choo? Utumbo uliojaa unakibana kibofu. Kama mfukoni hakuingii kitu na tumbo la chini limejaa, mpira umeziba. Mpeleke leo usafishwe au ubadilishwe. Mpira wa lateksi, yaani wa utomvu wa mti, haukai zaidi ya wiki chache. Wa silikoni safi unaweza kufika wiki 12.

Puto limegoma kutoa maji. Naweza kuukata mpira?
*Msomaji, Morogoro*

Usiukate. Kipande cha ndani kinaweza kurudi kibofuni, na puto bado limejaa.

Muuguzi apachike bomba la sindano tupu kwenye vali na kuliacha lijae lenyewe dakika chache. Kuvuta kwa nguvu kunakifanya kijia kijibane kama mrija wa soda ulioshikamana. Lisipotoka, aongeze mililita 1 au 2 za maji ya sindano, aachie tena, na mgonjwa abadili mkao. Ikishindikana, kazi ni ya hospitali: vali inaondolewa, waya mwembamba unapitishwa kwenye kijia, au puto linachomwa kwa sindano kupitia juu ya kinena kwa kuongozwa na ultrasaundi. Kulipasua kwa kulijaza kupita kiasi ni njia ya zamani inayoacha vipande, na kipande kinachobaki kibofuni huota jiwe.

Wakati mwingine maji yametoka yote lakini mpira hauchomoki. Puto la silikoni hujikunja kama kola baada ya kutolewa maji. Kulirudishia nusu mililita hulainisha mikunjo, na mpira unatoka.

Mjomba kafanyiwa upasuaji wa tezi. Mpira una matawi matatu na umefungwa kwa plasta pajani hadi unamvuta. Kwa nini?
*Msomaji, Bukoba*

Hilo puto ni kubwa, mililita 30 au zaidi, na hapa ndipo puto la Foley linapofanya kazi nyingine: likivutwa linakandamiza mishipa inayovuja kwenye shingo ya kibofu. Mvuto huo ni wa muda tu, daktari ataulegeza. Tawi la tatu linaingiza maji ya chumvi ili damu isigande. Ninyi mnaouguza, angalieni bomba linalotoka. Rangi ya waridi ni sawa. Maji yakiingia bila kutoka, mwambieni muuguzi afunge dripu kwanza, kisha atafute bonge la damu.