Barabara Kuu Isiyopita Magari: Maswali Yenu Kuhusu M-185

Toleo lililopita tuliitaja M-185, barabara kuu ya jimbo la Michigan, Marekani, iliyoko katika kisiwa cha Mackinac, ambayo haipitishi magari. Wasomaji wameuliza yafuatayo.

Swali: Inaanzia wapi na kuishia wapi?

Jibu: Huanzia mjini na kurudi palepale. Inakizunguka kisiwa chote kwa takriban kilomita 13, upande mmoja maji ya Ziwa Huron, upande wa pili miti na majabali ya chokaa. Mashariki hupita chini ya Arch Rock, mwamba uliotoboka ukabaki kama tao, na kaskazini-magharibi hufika British Landing, ambapo askari wa Uingereza walishuka Julai 1812 kwenda kuiteka ngome ya Wamarekani. Mwendesha baiskeli huona alama za maili kandokando, akajua amebakiza kiasi gani.

Swali: Kwa nini magari yalikatazwa?

Jibu: Kwa sababu ya farasi. Wenye magari ya kukokotwa walilalamika kwamba ngurumo za injini huwashtua wanyama wao, na farasi aliyeshtuka huku amefungiwa gari lililojaa abiria si jambo la mchezo. Baraza la kijiji likapitisha marufuku mwaka 1898, na mwaka 1901 wasimamizi wa hifadhi, ambayo imechukua sehemu kubwa ya kisiwa, wakafuata. Wengi hudhani kwamba barabara kuu ilikuwapo kwanza, kisha ikafungiwa magari. Kumbe M-185 iliingizwa katika orodha ya barabara za jimbo mwaka 1933, marufuku ikiwa tayari na umri wa miaka 35.

Swali: Namba ya nini, basi, kama gari halipiti?

Jibu: Namba huonyesha nani anawajibika kuitunza. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2019 na 2020, mawimbi yakaila kingo ya barabara, matengenezo yalikuwa juu ya jimbo.

Swali: Je, ajali za magari hazijawahi kutokea?

Jibu: Magari ya dharura yanaruhusiwa, na hayo yalitosha. Mei 2005, gari la zimamoto liligonga mlango wa gari la wagonjwa lililokuwa limeegeshwa.