Jiko la Wasomaji: Vyakula vya kubeba na kugawana

Barua za mwezi huu zinahusu mikusanyiko isiyo harusi wala msiba: kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, mpira wa Jumamosi, au jioni ya kukaa juu ya mawe kando ya ziwa hadi jua litakapozama. Harusi ina kamati na mpishi wake, lakini hapa kila mtu ni mpishi na mgeni kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo nimechagua vyakula vinavyoweza kuliwa kwa mkono hata vikiwa vimepoa, vinavyostahimili safari ya daladala, na visivyomfungia mwenyeji jikoni ilhali wenzake wamekwisha kuketi.

*Ndugu mhariri wa jiko, kikundi chetu cha akina mama 12 hukutana Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, na kila mmoja huja na chakula chake. Mara ya mwisho tulijikuta na masufuria manne ya pilau, hotipoti moja ya chapati na hakuna mboga hata kidogo. Zamu inayofuata ni Nyegezi, nami nitatoka Igoma kwa daladala. Ninaomba chakula ambacho sehemu kubwa ya kazi yake ninaweza kuimaliza Jumamosi usiku. (Msomaji, Igoma)*

Pilau nne hutokea pale kila mmoja anapoleta kile anachojua kwamba kitasifiwa, na pilau husifiwa daima. Gawaneni aina za vyakula badala ya majina ya vyakula: wawili walete cha kushibisha, watatu walete cha kutafuna, wawili mboga, mmoja matunda, na waliobaki vinywaji na vyombo, kwa maana sahani na vikombe navyo husahauliwa. Wewe omba kuwa miongoni mwa walio upande wa kutafuna, ulete katlesi za sangara.

Kwa katlesi 20 hivi, chukua kilo moja ya viazi mviringo na nusu kilo ya minofu ya sangara. Sato ni mtamu kuliko sangara, hilo sibishani na mtu, lakini miiba yake itakuweka jikoni hadi usiku wa manane. Chemsha viazi pamoja na maganda yake ili visinywe maji, uvimenye vingali na moto, kisha uviponde mara moja, kwa sababu kiazi kilichopoa hupondeka kwa mabonge. Minofu uipike kwa chumvi, limau, tangawizi na kitunguu saumu katika maji machache sana mpaka yakauke kabisa, kisha uichambue kwa vidole na si kwa uma, kwani kidole ndicho kitakachougundua mwiba uliobaki. Changanya na viazi, kitunguu maji kilichokatwa kidogo kidogo, pilipili mbichi, majani ya giligilani na kijiko cha bizari, kisha finyanga vidonge vya ukubwa wa yai na uvibonyeze kidogo.

Kama una friji, hapo ndipo kazi ya Jumamosi inapokoma: funika sinia na uliweke humo usiku kucha, na katlesi zitashikana vizuri zaidi. Kama huna, usithubutu kulaza samaki aliyekwisha kupikwa katika joto la Mwanza. Usiku tayarisha chenga za mkate mkavu, utwange viungo, na samaki umpike alfajiri. Jumapili chovya kila katlesi katika yai lililopigwa, uigaragaze katika chenga, na uikaange katika mafuta ya moto yanayofika nusu ya kimo chake. Usiigeuze kabla ukingo wake haujawa wa kahawia. Katlesi inayopasuka ndani ya karai ina moja kati ya makosa mawili, yaani ama viazi vilikuwa na maji mengi, ama mafuta hayakuwa yamepata moto.

Kuhusu safari, kosa kubwa ni kuzifungia zingali na moto, kwa kuwa mvuke hugeuka maji chini ya mfuniko na ule ukavu mzuri wa nje hulowa. Zikaange muda mfupi kabla ya kuondoka, uziache zipoe juu ya chujio, kisha uzipange katika chombo kilichotandikwa kitambaa safi. Nyanya na vitunguu vya kachumbari vibebe vikiwa vizima, uvikate utakapofika. Kachumbari iliyosafiri kutoka Igoma hadi Nyegezi hufika ikiwa supu.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, ninaishi chumba kimoja chenye mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili. Marafiki saba huja kwangu kutazama mpira. Niliwakaangia dagaa, wakawa wachungu na wenye mchanga, hadi mmoja akasema kwamba anatafuna ufukwe. Nifanyeje? (Msomaji, Malimbe)*

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako alikuwa na ulimi mkali, lakini hakukosea, kwa sababu dagaa wengi wa ziwa letu huanikwa juu ya mchanga wa mwaloni, yaani ufukwe wanakoshushiwa samaki, na mchanga huo hubaki katika mikunjo ya miili yao. Jambo la kwanza, basi, hufanyika sokoni. Ukifika Mwaloni Kirumba, ulizia dagaa waliokaushwa juu ya chanja. Bei yao huwa juu kidogo, lakini utaokoa maji, muda na meno. Chagua wanaong'aa rangi ya fedha. Waliogeuka manjano mafuta yao yamekwisha kuchacha, na hakuna limau litakalowaokoa. Kumbuka pia kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, nao huifuata taa vizuri pale giza linapokuwa nene. Siku za mbalamwezi uvuvi hupungua na bei hupanda, kwa hiyo ikiwa mechi yenu inaangukia siku hizo, nunua wiki moja kabla. Dagaa wakavu hawana haraka.

Uchungu mwingi hutoka kwenye tumbo na kichwa. Wachambue kwa kubana kichwa kati ya vidole viwili na kukivuta, nalo tumbo litafuata lenyewe. Wape kazi hiyo marafiki zako wakati mechi haijaanza, maana watu saba hulimaliza beseni kabla ya mwamuzi kupuliza filimbi. Kisha waoshe katika maji ya uvuguvugu, na hapa ndipo wengi wanapokosea: humwaga maji na kuwaacha dagaa ndani ya beseni, ilhali mchanga ni mzito na umetulia chini pamoja nao. Fanya kinyume chake. Wachote dagaa kwa mikono miwili uwahamishie katika beseni lingine lenye maji safi, umwage yale ya kwanza pamoja na mchanga wake, na urudie hivyo mara tatu au nne, mpaka utakapopitisha kidole chini ya beseni usisikie chochote kinachokwaruza.

Watandaze juani au juu ya kitambaa mpaka wakauke vizuri, kwa kuwa dagaa mwenye maji hurusha mafuta na kuungua nje kabla hajawa mkavu ndani. Kaanga konzi moja moja katika mafuta ya alizeti yaliyopata moto. Ukiwajaza wote kwa pamoja, mafuta yatapoa na utapata dagaa waliolowa. Wakianza kutoa sauti kavu unapowakoroga, waepue, uwanyunyizie chumvi, limau na pilipili ya kusaga wangali na moto. Nusu kilo ya dagaa wakavu inawatosha watu wanane ikiwa pembeni kuna mihogo, ambayo utaichemsha kwanza katika sufuria ya pili na kuikaanga mwishoni katika mafuta yaleyale. Tumia mihogo mitamu, siyo ile michungu ya kukaushia unga, ambayo ina sumu isiyoondoka kwa kuchemsha kidogo.

*Ndugu mhariri, mume wangu amewaalika wafanyakazi wenzake, wengi wao wakiwa wametoka Tanga na Dar es Salaam. Mama mkwe ananisisitiza niwaandalie michembe. Ninaona aibu, maana ni chakula cha shamba. (Msomaji, Magu)*

Dada, mimi niko upande wa mama mkwe. Mtu aliyetoka Tanga amekula sambusa tangu utotoni na hataikumbuka yako, lakini michembe iliyoungwa kwa karanga ataizungumzia atakaporudi kwao. Kwa msomaji asiyeifahamu, michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi ili viliwe msimu wa kiangazi. Vile vinavyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa huitwa matobolwa, navyo hutafunwa vikavu hivyo hivyo kama vitafunwa. Ukiwa na vya aina zote mbili, weka bakuli la matobolwa mezani wakati wageni wanasubiri, na michembe iwe chakula chenyewe.

Osha michembe kwa maji mengi, iloweke kwa muda wa saa moja, kisha uichemshe kwa moto wa wastani mpaka iwe laini bila kupondeka. Wakati inachemka, kaanga karanga bila mafuta, uzipepete maganda na uzitwange. Tafadhali zichague kwa makini kabla ya kuzikaanga, uzitupe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa sababu sumukuvu haiondolewi na moto wa jikoni, na kinu huchanganya karanga moja mbovu na mia nzuri. Maji ya michembe yakibaki kidogo, mimina karanga zilizokorogwa katika maji ya moto, tia chumvi, na uache zichemke taratibu huku ukikoroga, maana karanga hushika chini upesi. Koroboi mbili, yaani vikopo vidogo vya kupimia, za karanga kwa sufuria ya watu kumi hazitakuwa nyingi.

Ikiwa bado una aibu, igawe katika vibakuli vidogo na uweke mtindi pembeni. Wageni watauliza jina lake. Ulitaje bila kuomba radhi.

*Katika jumuiya yetu tuna Waislamu, Wasabato, na dada mmoja asiyekula nyama wala samaki. Kila tukikutana kuna mtu anayebaki na soda tu. (Msomaji, Pasiansi)*

Pikeni bagia za kunde, ambazo hazimkwazi hata mmoja wao. Nusu kilo ya kunde hulowekwa usiku kucha, huondolewa maganda kwa kusuguliwa ndani ya maji, husagwa kwa maji machache kadiri iwezekanavyo, kisha hupigwa kwa mwiko mpaka zijae hewa. Kupiga huko ndiko kunakozifanya ziwe nyepesi, kwa hiyo usizidanganye kwa hamira. Tia chumvi, kitunguu na pilipili pale tu unapokaribia kukaanga, kwa kuwa chumvi hutoa maji ya kitunguu na rojo hulegea.

Angalia mafuta na karai pia. Mafuta yaliyokaangia nyama ya nguruwe yanaiharibu bagia ya kunde mbele ya Mwislamu na mbele ya Msabato vilevile, na yaliyokaangia samaki yanamrudisha dada yako kwenye soda. Mkiamua kupika samaki pia, sato, sangara na dagaa wana magamba na Wasabato huwala, ila kambare hana, basi mwacheni siku hiyo.

*Tunatoka Nansio kwenda Mwanza kwa meli kusherehekea siku ya kuzaliwa ya kaka yetu. Tunataka kubeba wali wa nazi na samaki wa kupaka. Inafaa? (Msomaji, Ukerewe)*

Haifai, nami ninawaombeni msione kwamba ninawabania. Chakula chenye nazi, samaki au wali hakipaswi kukaa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na siku ya jua kali hata saa moja ni nyingi. Wali hudanganya zaidi, kwa sababu haubadiliki harufu mapema, na sumu inayotengenezwa na vijidudu vyake haiondoki hata ukiupasha moto upya. Ukiongeza kusubiri gatini, safari yenyewe na daladala ya mwisho, mtakuwa mmepita muda huo kwa mbali.

Bebeni mkate wa kumimina uliopoa, maandazi, karanga za kukaanga, na machungwa ya kwenu ambayo watu wa mjini huyanunua kwa bei. Nazi ibebeni ikiwa nzima, mchele ukiwa mkavu, na samaki mnunue mkifika.

*Watu 20, mchele kilo ngapi? Na tafadhali usinishauri kitu kingine, ninataka pilau. (Msomaji, Buhongwa)*

Kilo mbili na nusu ikiwa pilau ndicho chakula pekee, na kilo moja na nusu hadi mbili ikiwa kuna vingine. Nyama iwe kilo mbili, na viungo uvikaange kabla ya kuvitwanga. Uipikie katika nyumba mtakayokutania ili iliwe ya moto, na kabla hujawasha jiko, piga simu ujue ni nani mwingine anayeleta pilau.