Vinavyofanana Jifunze kwa Pamoja

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwenye duka letu la dawa hapa Wandegeya, Kampala, huogopa dawa wasizozijua. Huwa nawaambia hofu hiyo waielekeze kwingine. Dawa usiyoijua utaiuliza. Zenye hatari ni mbili unazozijua vizuri, halafu zikafanana. Chukua metformin na metronidazole: ya kwanza ni ya kisukari, ya pili hutolewa kwa amiba na kwa maambukizi kadhaa ya bakteria. Zinaanza kwa herufi zilezile, kwa mpangilio wa alfabeti zinakaa jirani rafuni, na zote mbili unaweza kuzikuta za miligramu 500.

Kijana akiona anazichanganya, haraka yake ni kukariri. Leo anashinda na boksi la metformin, kesho anashinda na la metronidazole. Nimewafundisha wengi na sijaona njia hiyo ikiwasaidia. Nilipoanza kusoma kuhusu ubongo ndipo nikaona kwa nini.

Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kila upande una sehemu ndogo iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Bila hiyo matukio mapya hayakai. Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, na hadi alipofariki mwaka 2008 mtu aliyezungumza naye asubuhi alikuwa mgeni kwake mchana.

Hipokampasi hiyo ina kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kutenganisha. Mlangoni mwake kuna eneo liitwalo jairasi ya dentati, lenye seli nyingi kuliko zile zinazoliletea habari. Kwa panya, seli kama laki mbili hupeleka habari kwa seli takriban milioni moja, na kati ya hizo milioni, zinazoamka kwa wakati mmoja ni chache sana. Kwa hiyo mambo mawili yanayokaribiana yakiingia, kila moja hupata kikundi chake cha seli. Kazi ya pili ni kukamilisha. Ndani zaidi, eneo la CA3 lina seli zilizoungana zenyewe kwa zenyewe, na ukilipa kipande linakurudishia kitu kizima. Mwingereza David Marr alilieleza wazo hilo kwa hesabu mwaka 1971. Ndiyo maana sauti ya mteja kwenye simu inatosha kukuletea sura yake, mtaa wake na deni lake.

Sasa rudi rafuni saa kumi na moja jioni. Kaunta imejaa, boda anapiga honi nje akimhimiza abiria wake, na jicho la kijana limeona “met”. Kwa ninavyoelewa mimi, hapo ndipo kukamilisha kunapotangulia kutenganisha: herufi tatu zinatosha kumletea dawa aliyoitoa dakika kumi zilizopita, na mkono unaifuata. Kukariri kila moja peke yake hakumpi msaada wowote hapo, kwa sababu hakuna siku aliyowahi kuulizwa zinatofautiana wapi.

Kwenye orodha za usalama wa dawa huko Marekani majina hayo huandikwa metFORMIN na metroNIDAZOLE, ili jicho likwame pale yanapoachana. Sisi tumefanya vivyo hivyo kwa kalamu ya maka kwenye lebo za rafu. Haigharimu kitu. Lakini lebo peke yake haitoshi, kwa hiyo namwekea kijana maboksi yote mawili mezani kwa wakati mmoja na kumwambia: kabla hujaniambia zinatibu nini, nitajie zinapoachana. Kisha namchanganyia maswali. Huyu mzee amekuja na kadi ya kliniki ya kisukari, huyu anaharisha tangu jana, huyu amesema tu “ile ya met”. Kwa huyo wa tatu jibu sahihi ni kuuliza, na anayekimbilia rafu namrudisha mwanzo.

Timu ya mtafiti wa ubongo Brice Kuhl huko Marekani ilichapisha mwaka 2017 jaribio linalonipa nguvu. Watu walijifunza kwa picha njia zinazoanza pamoja halafu zikaachana. Mwanzoni hipokampasi iliziona karibu sawa. Walipozizoea, ile sehemu ya pamoja ikawa na alama zilizotofautiana kichwani kuliko hata njia zisizokutana kabisa. Yaani ubongo ukilazimishwa kutofautisha, unazisukuma mbali.

Kwa watu ni hivyohivyo, na Uganda hatukosi mapacha. Nalongo mmoja, yaani mama wa mapacha, huja na binti zake Babirye na Nakato, magauni ya kitambaa kimoja, tarehe moja ya kuzaliwa. “Musawo,” ananiita, yaani daktari, “Nakato ndiye anayekohoa.” Kuyarudia majina hakutakusaidia. Wasimamishe pamoja utafute kisichofanana. Babirye ana kovu dogo juu ya nyusi, na uzito wao haulingani, jambo ambalo kwa dawa ya malaria ya watoto lina maana kubwa kuliko kovu. Naandika uzito mbele ya jina.

Pale ambapo siuamini ubongo hata kidogo ni kwenye kidonge cha kila siku. Mgonjwa wa presha anameza kidonge kilekile, kwa kikombe kilekile, kwenye kiti kilekile, halafu saa nne anajiuliza: nimemeza leo, au ninayokumbuka ni ya jana? Usimwambie ajitahidi kukumbuka. Siku zake hazina cha kuzitenganisha. Na umri unaongeza ugumu. Maabara ya Craig Stark, Kalifonia, huwaonyesha watu picha za vitu, kisha baadaye huchanganya zilezile, mpya, na zinazofanana nazo. Wazee huitambua picha ileile vizuri tu, ila inayofanana nayo wengi huiita ileile. Kwa hiyo mama akikwambia ana hakika amemeza, usimgombeze, hadanganyi.

Mnunulie kisanduku chenye vyumba saba vya siku. Kama hela haipo, kalenda ya ukutani inafaa, mradi alama iwekwe baada ya kumeza na wala si wakati wa kufungua pakiti, maana mgeni akibisha hodi katikati, alama itabaki na kidonge kitabaki. Na ikitokea hajui kama amemeza, asimeze kingine kwa kubahatisha. Apige simu pale alipopewa dawa aulize, kwa sababu jibu la dawa ya presha si lazima liwe la dawa ya sukari.